Kamba Kwenye Ukuta wa Kabondo

Kila asubui, mbele jogoo ya papa Amuri imalize wimbo wake wa pili, Nyota alikuwa ameshafika kwenye robine ya maji na bidon mbili za kuchotea. Robine ilikuwa moja tu kwa kartié nzima, ule mutaa wa Kabondo, hapa Kisangani, na haikuwa na adabu: leo inatoa maji, kesho inakohoa tu kama muzee wa tumbako. Alors unaelewa vile watu walikuwa wanaamka mapema, na matusi ilikuwa inaamka pamoja nao.

"We mama, rudi kwenye musitari! Ulishuka kwenye treni jana, leo unataka kuchota wa kwanza?"

"Jana gani? Niko hapa miaka tatu!"

"Miaka tatu ni jana! Rudi kwenu Kindu, kule mto iko mukubwa, utakunywa mpaka uchoke!"

Ilikuwa vile tu. Wale wa Kindu waliambiwa warudi Kindu, wale wa Bukavu waliambiwa warudi kwenye milima yao, wale wa Basoko waliambiwa wapande pirogue, ile mitumbwi yao. Kama kila mutu angemusikiliza mwenzake, Kabondo yote ingebaki na kuku peke yake.

Nyota, yeye, hakuna aliyemuambia arudi. Alikuwa na miaka kumi na mbili na ulimi wa mutu wa arobaini.

"Sisi tulikuya zamani," alikuwa anasema, huku anasukuma bidon yake mbele. "Koko ya koko yangu, babu ya zamani, alikuwa mufanyabiashara mukubwa. Alikuya na musafara wa watu mia, mbele Wabeleji wajue ata jina ya mto."

"Na Wagenia, wavuvi wa maporomoko?" aliuliza Sikujua, rafiki yake, binti ya yule mama wa treni.

"Wagenia hawakukuya. Wagenia walikuwa hapa pamoja na maji yenyewe."

Watu walicheka, Nyota akachota. Lakini siku moja tonton Daudi, mwenye pousse-pousse, ile gari ya kusukuma na mikono, aliweka magunia yake chini na kusema kwa sauti: "Eh! Kwenye ile misafara kulikuwa wenye kutembea huru, na kulikuwa wenye kutembea na kamba kwenye shingo. Leo wajukuu wote wanasema koko zao walikuwa wakubwa. Sasa nani alikuwa anafungwa? Mbuzi?"

Robine yote ilicheka. Nyota ndiye alicheka kupita wote.

Alicheka vile juu yeye alikuwa anajua nani alifungwa.

Koko Safi, mama ya baba yake, alikuwa haoni tena. Macho yake yalifungika polepole, miaka minne sasa, na siku nzima alikuwa anakaa mulangoni akichambua pondu, yale majani ya mihogo. Vidole vyake ndivyo vilikuwa vinaona. Ukimupa kikombe, anajua ni ya nani. Ukimupa uso, anajua kama umekula ao umelala njaa. Na kila mara Nyota akikaa kumusaidia, koko alikuwa anamupa habari moja, ile ile.

Mama yake koko aliitwa Wabiwa. Wenye misafara walimukamata kule Maniema, mutoto wa miaka saba. Walimufunga kamba moja na wengine kumi na mbili, wakamubebesha kikapu cha chumvi kwenye kichwa, akatembea mpaka hapa kwenye maporomoko. Hapa wakamupa jina Mwayuma. Hapa akakomaa, akajifunza kusali, akaolewa, akazaa, akakufa. Na kaburi yake? Wabeleji walipitisha barabara juu.

"Mama yangu hana fasi," koko alikuwa anamaliza. "Ata jiwe moja hana."

Nyota alikuwa anasikia, majani ya pondu kwenye mikono, kichwa chini. Lakini kesho yake, kwenye robine, ule musafara wa watu mia ulikuwa unafika tena.

Bon. Wakati ule wa Zaire, siku ya posho, yaani jumamosi, ilikuwa ya salongo: kazi ya wote, bila mushahara. Unafagia, unazibua mifereji, na ukikosa kutoka na jembe yako wanakuya kukutafuta nyumbani. Papa Amuri, shefu wa kartié, akapata amri kutoka juu: ukuta wa ile depo ya zamani ya kahawa usafishwe, wakubwa watapita kuuona. Ukuta ulikuwa murefu hatua makumi nane, mweusi wa ukungu, mbuzi wamejikuna pale tangu zamani. Kitu kizuri chake kilikuwa kimoja: mabati ya paa yalitokeza mbele, yanaukinga na mvua. Waliahidiwa chokaa nyeupe. Chokaa haikufika. Papa Amuri akashika kichwa.

"Chokaa ya nini?" akasema mama Philomène.

Huyu alikuwa mukandikaji wa nyumba, mutu wa Basoko, mikono mipana kama kasia. Kwenye karatasi alikuwa na jina lingine, juu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo ya mapadri, lakini ukimuita na ile ya karatasi alikuwa hageuki.

"Papa shefu, udongo tunao. Kila nyumba ilete ndoo moja. Na kila nyumba iandike kwenye ukuta njia yenye ilipita kufika hapa. Ile 'rudi kwenu, rudi kwenu' ya robine, tuibandike pale, tuone kama iko na nguvu."

"Na wakubwa wakiuliza ile ni kitu gani?"

"Utawajibu ni salongo."

Posho mbili nzima walisugua tu. Watoto wakanungunika, na Nyota ndiye aliuliza: "Mama Philomène, juu ya nini tunasugua, na udongo utafunika yote?"

"Ukikandika juu ya vumbi, mwanangu, siku ya kwanza inashika vizuri sana, unajisifu. Mvua ya kwanza, pwaa! Inabanduka kama ngozi ya ndizi. Sugua."

Kisha wakakanda: udongo, mchanga, majivu, na maji ya mihogo ili ishike. Mama Philomène alikuwa anakandika fasi ya nyumba mbili kwa mara moja na kuifunika na magunia yenye kulowa, juu ikikauka kidole hakiingii tena. Kila nyumba ilipata pima moja, yaani mikono ya mutu mukubwa ikifunguliwa. Na sheria ilikuwa hii. Muzee wa nyumba anasema njia. Mutoto wa nyumba anaichora na kidole kwenye udongo mubichi, ndani kabisa, mpaka ifanye mufereji. Kisha muzee anakuya, anapitisha mukono pale, anasema "ndiyo". Hapo ndipo mama Philomène anatoa rangi: mukaa, udongo mweupe wa mtoni, na ngola, ule unga mwekundu wa mti.

"Tampon, muhuri ya huu ukuta," alisema, "ni mukono wa muzee."

Sikujua na Nyota walipata fasi ya pamoja, moja kando ya nyingine. Sikujua akaanza. Ule mutoto, kwenye robine, ulikuwa unaweza kufikiri hana mudomo. Lakini kidole chake! Mama yake alikuwa anasema nyuma yake polepole, "Kindu... tukapanda bató kwenye mto... tukalala siku tatu kwenye bidon za mafuta ya mawese... Ubundu... treni," na kidole kilikuwa kinafuata. Mto ukatokea. Treni ikatokea na moshi wake. Na pale mwisho, kwenye ukingo wa rive gauche, upande wa kushoto wa mto, akatokea mwanamuke mudogo, mutoto kwenye mugongo, godoro imekunjwa juu ya kichwa, anaangalia maji yote ile na mji ng'ambo.

Nyota akasahau kufunga kinywa. Manyoya ya mikono yake ilisimama. Mara ngapi alimuona huyu mama kwenye musitari na bidon yake? Ata siku moja hakujiuliza kama ile shingo ilikuwa inauma.

"Na weye, mwana wa wakubwa!" Tonton Daudi alikuwa anapita na pousse-pousse imejaa udongo. "Andika basi, tuone ile watu mia!"

Nyota akaingiza kidole kwenye udongo, na kidole kikachora farasi, kama ile ya kitabu chao cha Kifaransa. Juu ya farasi, mwanaume na upanga. Nyuma yake, watu wadogo, wadogo kabisa, kama siafu.

Mama Philomène akakuya kuangalia. "Koko Safi ndiye alisema hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Atakuya kuweka mukono?"

"Miguu yake inauma. Alinituma niseme ndiyo."

Mama Philomène akamuangalia muda murefu, vile anaangalia ukuta wenye anafikiri iko na ufa. Kisha akamupa rangi.

Mangaribi ile, mulangoni, koko aliuliza: "Ulimuandika?"

"Nilimuandika, koko."

"Na kikapu?"

"Na kikapu."

"Na kamba?"

"Na kamba," Nyota akasema, na pondu yote ikamuanguka kutoka kwenye mikono.

Posho ya kufungua ukuta ikafika. Nyota anatoka kuoga, anamukuta koko Safi amevaa liputa yake, kile kitenge cha Idi, kitambaa kipya kwenye kichwa, ameketi wima kama mutu anangoja picha.

"Koko, unaenda wapi? Na miguu?"

"Miguu itauma kesho. Leo naenda kusalimia mama."

Na nje, nani? Tonton Daudi, na pousse-pousse imefagiliwa, gunia laini imetandikwa ndani. Koko mwenyewe alimuita. Nyota akataka kusema ana homa, akataka kusema ukuta ulianguka, lakini koko alikuwa ameshapanda ndani.

Walipofika, kartié yote ilikuwa pale, na nakuambia, hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Watu mia mbili, na ungesikia kuku akikwaruza. Magunia yalikuwa yametolewa yote. Kila mutu alikuwa ameona pima yake tu, na ya jirani. Sasa ndiyo waliona ukuta muzima, rangi nyekundu, na nyeupe, na nyeusi, hatua makumi nane.

Na njia zilikuwa zimekutana. Hakuna aliyezipanga. Mto wa nyumba moja ulimalizika pale mto wa jirani ulianzia. Lori ya watu wa Bukavu, yenye kuzama kwenye matope ya Walikale, ilikuwa inasukumwa na watu ambao miguu yao ilitoka upande wa pili, kwenye picha ya mutu mwingine. Pirogue za Barumbu zilipanda mto na samaki wa kukausha, treni ilishuka, wamama walitembea na watoto kwenye mugongo, mbuzi, baiskeli, muzee mumoja na radio kwenye kichwa. Wote uso ulielekea fasi moja. Na katikati kabisa, pale njia zote zilimalizika, mama Philomène alikuwa amechora kitu kimoja kidogo: robine.

Nyota alisimama. Alisikia moyo wake unakuwa mukubwa na yeye mwenyewe anakuwa mudogo, mudogo, kama wakati unasimama kando ya mto na maji imejaa. Kama ukuta ungesema, angeuamini.

"Nipeleke," koko akasema. "Nataka kuusoma."

Wakatembea polepole, koko anaweka vidole kwenye mifereji, anasoma. "Hii ni pirogue... watu tano. Aa, hapa kuna mvua. Hii lori, wee, imezama kabisa!" Watu wakawafungulia njia. Hakuna aliyecheka, ata watoto. Mutu asiyeona alikuwa anaona kuwapita wote. Nyota alikuwa anamushika kiwiko, na kila hatua kiwiko kilikuwa kizito zaidi. Treni ikaja. Ukingo ukaja. Mbele yao sasa ilikuwa pima ya Sikujua, na kando yake, farasi.

Hatua mbili tena, na mukono wa koko ungegusa upanga.

Nyota akasimamisha ule mukono. Akauweka kwenye mwanamuke mudogo mwenye godoro.

"Ndiye huyu, koko," akasema polepole.

Sikujua alikuwa amesimama pale pale, na mama yake. Waliona. Wakasogea kumupa koko fasi.

Vidole vya koko Safi vilipanda kwenye miguu, kwenye liputa, kwenye shingo, mpaka kwenye muzigo. Koko akaweka paji la uso kwenye udongo.

"Mama," akasema. "Mama Wabiwa. Kumbe uko hapa. Uko hapa, miye nilikuwa nakutafuta chini ya barabara." Machozi ikashuka kwenye ile mikunjo ya uso. Akashika tena shingo ya yule mwanamuke, akatafuta kushoto, akatafuta kulia. "Nyota. Kamba iko wapi? Mama hakukuya bila kamba. Hapa nasikia mutoto kwenye mugongo... Mama alikuwa mwenyewe mutoto."

Kwenye dunia hii kuna mambo mutu anaweza kuvumilia. Nyota aliweza kuvumilia kucheka kwa robine nzima. Lakini kumuona koko yake analilia mama ya mutu mwingine, hapana.

"Koko, acha!" Sauti ilitoka kubwa kuliko vile alitaka, watu wote wakageuka. "Ile si Wabiwa. Ile ni mama ya Sikujua. Wabiwa hayuko. Sikumuandika. Niliandika farasi."

"Kitu gani?"

"Farasi. Na mukubwa na upanga. Kando hapo. Nilisema uongo kwako, nilisema uongo kwa mama Philomène, na kwenye robine, kila siku. Hatukukuya na watu mia. Tulikuya na kamba."

Koko akasogea, akagusa farasi, kutoka mukia mpaka masikio.

"Farasi gani alifika huku?" akasema mwisho. "Mbung'o zilikuwa zinawamaliza njiani." Mutu mumoja akacheka kidogo, akajutia. "Juu ya nini, mwanangu?"

"Nilikuwa na haya, koko."

"Haya ya nini? Mama yangu hakuiba. Mama yangu hakufunga mutoto wa mutu. Mwenye kufunga ndiye abebe haya. Weye ulimutoa mama yangu kwenye ukuta, ukamuweka yule aliyemufunga. Ulijua ile?"

Nyota hakujua. Aliangalia wale siafu nyuma ya farasi, na sasa ndiyo aliona: mumoja wao, yule wa mwisho, mudogo kabisa, alikuwa Wabiwa. Alimuchora, na hakumutambua.

Mama Philomène hakugomba. Alimupa tu chuma yake ya kukwangua. "Ulikandika juu ya vumbi," akasema. "Kwangua mpaka kwenye tofali."

Nyota akakwangua mbele ya kartié nzima, vumbi jekundu kwenye nywele. Ilichukua muda, juu udongo ulikuwa umekauka na mukono wake ulikuwa mudogo. Sikujua akakuya, bila kuitwa, na ndoo ya maji. Mama yake akaleta udongo. Wakakandika upya, na koko, ameketi kwenye pousse-pousse, akasema njia, sauti ya juu, wote wasikie. Kidole cha Nyota kikafuata: milima, pori, mito tatu, watoto na wakubwa kumi na tatu kwenye musitari. Kwa kichwa cha Wabiwa, koko alisimama akabonyeza kidole gumba chake mwenyewe.

"Sasa kamba," akasema.

Nyota akaanza kuchora kamba. Haikufanana. Ilikuwa kama nyoka. Akafuta, akaanza tena. Hapo nyuma akasikia mutu anafungua kitu. Tonton Daudi alikuwa anatoa kamba ya pousse-pousse yake, ile ya kufungia magunia.

"Chukua," akasema, bila kumuangalia. "Ibonyeze pale. Na kwetu pia kulikuwa kamba. Sababu gani unafikiri nilikuwa nacheka wa kwanza?"

Wakaishika wawili, huyu upande huu, yule upande ule, wakaibonyeza kwenye udongo mubichi, kutoka shingo ya kwanza mpaka ya kumi na tatu. Walipoitoa, kamba ilibaki: kila uzi, kila musokoto wake. Koko Safi akapitisha vidole pale, shingo kwa shingo, mpaka kwenye alama ya kidole chake.

"Ndiyo," akasema.

Papa Amuri akakohoa. "Mama Philomène... hiyo chuma... ile valise ya safari niliyo nayo pale kwenye picha yetu, na kravate ya shingo... Kusema kweli ilikuwa kikapu cha samaki. Na suruali ilikuwa ya kaka yangu."

Hapo ndiyo Kabondo ilicheka, mpaka mbuzi wakakimbia. Lakini watu watatu wengine waliomba chuma siku ile.

Wakubwa walipita jioni na gari yao. Mumoja akashuka, akanyosha kidole kuuliza, kisha kidole kikagusa mufereji wa mto, kikaufuata, kikaufuata, mpaka kwenye robine. Hakuuliza tena. "Ni salongo," papa Amuri akamuambia.

Juma iliyofuata mvua kubwa ikanyesha, mvua ya Kisangani yenye upepo, ya kupita chini ya mabati yoyote. Ilipokatika, watu wote walikimbia bila viatu kwenda kuona. Ukuta ulikuwa umelowa, rangi zimeiva zaidi, na hakuna ata kipande kimoja kilichobanduka. Nyota akaweka kidole kwenye kamba. Ilikuwa pale.

"Umeona?" Mama Philomène alikuwa nyuma yake, maji yanamutiririka. "Uongo ni rahisi kukandika, mwanangu, na unang'aa. Lakini unashika vumbi tu. Ukweli unakusuguza, unakuumiza mikono, unakuletea haya mbele ya watu. Ukishaushika, mvua ikuye. Usione haya ya njia yenye wako walipita. Ona haya ya kuwaacha njiani."

Kesho yake kwenye robine, nisikudanganye, matusi haikuwa imeisha. Mutu mumoja alipiga kelele, "We, rudi kwenu!" Nyota alikuwa wa kwanza kwenye musitari. Akageuka, akaona ni mama ya Sikujua ndiye anaambiwa, kule nyuma, akamuangalia shingo. Akavuta bidon zake pembeni.

"Mama, pita," akasema. "Mulitoka mbali."